Mashimo Ishirini na Manne

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kazi imepatikana. Madam Kui, mwenye nursery kule Mau Narok, amekuja hapa kwa workshop, gari limejaa matope. Anataka mbao nne za plywood nene. Kila moja mashimo sita ya duara, upana wa mdomo wa glasi. Watoto watakuwa wakipitisha mikono na mipira, kwa hivyo hataki vibanzi, hata kimoja. Mume wangu, Baba Abby, akamwambia hiyo ni kazi ya keekee yake ya kuzungusha kwa mkono, haina shida.

Haina shida — na hajamwambia kuhusu macho yake. Daktari alisema Januari: presha ya macho. La kulia limekwenda. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwa paipu. Tunajua sisi wawili, na msichana wetu Abby huko Karagita. Basi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikarudi jikoni.

Jumanne, 4 Machi

Ameanza. Nimesikia kutoka jikoni keekee ikizunguka, krr, krr, halafu mlio kama kitambaa kinapasuka. Nilipofika alikuwa anapapasa nyuma ya ubao. Mbele sawa. Nyuma pamechanika vibaya, na shimo lenyewe liko kando ya alama ya penseli. Kibanzi kimemwingia kidole gumba. Nimekitoa na sindano.

Amesema plywood ya siku hizi ni mbaya. Nimesema ndio, ni mbaya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia wacha nijaribu. Akasema keekee si mwiko wa ugali. Nikarudi kuosha vyombo, lakini niliviosha kwa kelele.

Saa kumi akaniita mwenyewe. "Mama Abby, kuja." Alikuwa amefunga kipande cha plywood kwa clamp, pembeni mwa meza. Akanisimamisha. Kifua juu ya kichwa cha keekee, miguu mbali. "Usiisukume. Wacha ikule yenyewe."

Halafu akaweka kidole chini ya ubao, pale pale biti, kile chuma cha kutobolea, itatokea. Biti hii ina ncha kama skrubu katikati, ndiyo inatangulia. Nikamwambia nitakutoboa. Akasema zungusha tu. Nimezungusha kama mtu anayebeba yai. Akasema, "Hapo." Ncha ilikuwa imechungulia kidogo, kama jino la mtoto.

Kumbe siri ni hiyo. Hapo unaacha. Unageuza ubao, unaanza upande wa pili kwenye hako katundu. Pande mbili zinakutana katikati na hakuna kinachochanika.

La kwanza nimeharibu. La pili pia. Miaka ishirini na miwili nimesikia ile kelele kutoka jikoni, na sikujua ina maneno.

Ijumaa, 7 Machi

Limetoka! Safi mbele, safi nyuma. Baba Abby alilipapasa mara mbili, polepole, kama anatafuta kosa. Akasema, "Hilo ni shimo." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Lakini chakula cha mchana alikula polepole. Mwishowe, akiangalia ukuta: "Sasa mimi nitakuwa wa nini?"

Nimemwongezea mboga. Jibu nimelipata sasa, ninapoandika, na yeye ameenda kwa kinyozi: bila kidole chako ningejuaje pa kuacha?

Sijui kama nitalisema. Mdomoni litakuwa kama pole.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada Kamande, jirani yetu, amemshika Baba Abby mkono, akamwambia: Fundi, nasikia keekee inalia tena. Baba Abby akacheka, akasema kazi inaendelea. Hakusema ni ya nani. Mimi pia nilicheka.

Njiani nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Si ati nataka sifa. Au nazitaka? Kidogo, labda. Lakini watu wakijua, watamletea pole badala ya mbao. Hicho ndicho anaogopa, na hajakosea.

Jumatano, 12 Machi

Mashimo ishirini na matatu. Mabega yanauma hadi kuchana nywele ni kazi.

Madam Kui alisema atakuja kuzichukua Ijumaa, lakini amefika leo asubuhi bila kupiga simu. Nilikuwa na vumbi la mbao mpaka kwa nyusi. Akaingiza vidole shimo moja baada ya lingine. "Fundi, hii ni smooth kabisa." Akaona ubao wa mwisho umebaki shimo moja. Akatoa simu. Hebu toboa hilo nikuchukue video, wazazi waone kazi ya mkono.

Baba Abby akachukua keekee. Akapapasa alama. Ncha ikakaa kando, karibu upana wa kidole. Niliona. Nadhani Madam Kui pia aliona, maana aliacha kuongea. Baba Abby hakuzungusha. Alisimama tu hapo, kifua juu ya keekee, vile alivyonifundisha.

Halafu akajiinua, akainyoosha keekee mbele yake. "Mama Abby. Shika." Aliinyoosha upande ambao sikuwepo. Nikazunguka meza nikaichukua.

Madam Kui akateremsha simu. Akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani ametoboa haya mashimo mengine yote.

Baba Abby akaniambia niweke chai kwanza. Nimeelewa. Anataka kusema mwenyewe.

Sasa niko jikoni, naandika nimesimama, maziwa hayajapanda. Nawasikia kupitia ukutani. Yeye anaongea polepole. Nimesikia "Januari." Nimesikia "mke wangu." Madam Kui ameuliza kitu, sikukishika. Sasa kiti kinavutwa. Ni Madam Kui, amekuja mlangoni na simu: anasema anataka kunichukua video mimi nikitoboa la mwisho.