Kifaa Kikilia, Mshike Mtoto

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka Songea. Usicheke, kiukoo mimi ni bibi yako, ingawa juzi tu nimemaliza kidato cha nne. Mama hajambo, mahindi yameota.

Umeuliza kama umnunulie mtoto kifaa cha kufuatilia pumzi. Mwaka jana niliachiwa mtoto wa kaka nimwangalie, king'ora cha kifaa chake kikalia. Nilikitikisa, nikakimbia nacho kwa jirani.

“Umeleta kelele, bibi. Mtoto yuko wapi?” jirani akaniuliza.

Tulimkuta anacheka, amekivua kwa mateke kile kipande cha kifaa kinachovaliwa mguuni.

Muulize nesi wa kliniki. Ukikinunua, kikilia mshike mtoto kwanza. Mimi hata simu ikiita, bado nageuka kumtafuta mtoto.

Bibi yako,
Tumaini