Posa Niliyoulizwa Nna Pini Mdomoni

Firenze, Jumapili mchana

Mamangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Nnakuandikia nimejifunika blanketi mbili na soksi za sufu miguuni, lakini mzima, na hamu yangu ni kujua hali yako. Goti la kulia vipi? Na sukari, unapima kila asubuhi au siku unazokumbuka tu? Nnakujua mie. Na kile kiyoyozi cha chumbani kwako nilikiacha kinavujia zulia, Nasser akaniapia kuwa atamwita fundi. Kama mpaka leo hajamwita, mwambie dada yake kauliza, na kauliza kwa ukali.

Barua hii nnampa Thuraya, yule msichana wa Nizwa anayesomea udaktari huku. Anakuja nyumbani likizo, ataifikisha Ghubra kwa mkono wake. Nimemkataza asimpe mtu mwengine yeyote, hata ndugu yako Khalati Zuwena akimkaribisha kahawa na halwa mlangoni. Isome peke yako, mama, mlango umeufunga. Nimekuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu cha barua unakicheka, na safari hii sitaki ucheke.

Kwanza nikupe habari za huku, usije ukasema mtoto huyu hata salamu hajamaliza keshaanza ugomvi. Baridi imeshika. Asubuhi nnakwenda skuli vidole vimekufa ganzi, na sindano haitaki vidole vya namna hiyo, kwa hivyo wa kwanza kufika anakumbatia lile bomba la moto la ukutani na wengine tunapanga foleni. Mwenye nyumba wangu, Bi Ada, mjane wa umri wako, ananiuliza kila siku kama Omani kuna mvua, na kila siku nnamjibu ile ile. Juzi nilipika wali wa samaki nikatia ndimu kavu ulizonifungia, akapanda ngazi mbio akidhani kuna kitu kinaungua. Nikampakulia sahani. Sasa anauliza mvua na wali vyote kwa pamoja.

Kazi ni ngumu, sikufichi. Mwalimu wetu Bi Bruna ana mkasi mdogo kaufunga na uzi shingoni. Akiukamata huo mkasi, darasa zima kimya, kila mtu anasoma dua yake. Kanifumulia mkono wa koti sijui mara ngapi. Nnaushona, anauangalia, ananambia nyanyua mkono, nnanyanyua, koti lote linapanda juu kama linataka kunivuka kichwa. Anafumua. Siku moja nilikwenda chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi, nikaukata upya, mshazari wa kitambaa nikaugeuza kidogo tu. Nikanyanyua mkono, na koti likakaa pale pale lilipo. Yeye mkasi hakuugusa, akapita kwenda kwa mwengine. Mie nilikaa chini nikashikwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tangu baba yu hai. Nilitaka nikupigie simu nikwambie "mama, mkono umekaa," nikaona hutonifahamu.

Ngoja basi niingie ndani ya jambo lenyewe, maana nshazunguka vya kutosha.

Siku ile uliyonipigia kuhusu posa nilikuwa darasani. Mwenzangu Lucia kasimama mbele yangu kavaa gauni la hariri nnalolitengeneza kwa ajili ya mtihani. Huku tunavalishana kwa zamu, leo yeye sanamu, kesho mie. Nilikuwa nnalibana kwapani, mikono yote miwili imeshika kitambaa, na pini zangu nimezibana kwa midomo, ndivyo tunavyofanya sote, maana ukiziweka mezani kila mara unainama. Kitambaa kile nikikiachia tu, kazi ya asubuhi nzima inakwenda chini. Simu ikalia. Lucia akaona jina lako, anakujua kwa picha, akaifungua na kunitia sikioni. Kafanya wema, masikini.

Nikakusikia: "Rahma mwanangu, wamekuja watu wa Bawshar, watu wa heshima zao, wanamposea kijana wao Mahmud. Yumo wizarani, na ami yako keshamuulizia, hana doa. Wanataka iwe kiangazi hichi hichi utakapokuja, na ukija ndio umekuja, hurudi tena huko. Nnakuuliza, mwanangu. Umeridhia?"

Mama, nilikuwa na pini mdomoni. Ningefungua kinywa ningezimeza. Nilichoweza ni kutoa sauti ya puani, kama ng'ombe aliyefungwa mdomo. Nikamkodolea macho Lucia aitoe simu, naye akaisukuma zaidi sikioni akidhani sisikii. Na huko kwenu nikamsikia Khalati Zuwena: "Muacheni, anaona haya. Kanyamaza, karidhia." Kisha vigelegele. Mpaka Lucia aliviskia, akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna king'ora cha moto. Nilipotema zile pini kiganjani, simu ishakatika.

Nilikupigia hapo hapo. Akapokea Khalati. Nikamwambia, "Khalati, sitaki, mie sikujibu kitu." Akacheka akanambia, "Ehe, sote tulisema hivyo hivyo, bibi harusi. Tulia." Nikamwambia nimpate mama. Akasema mama yuko na wageni, sauti yake imejaa furaha, usimharibie. Halafu akanipa habari aliyoiona nzuri kuliko zote: Mahmud kasema mke wake hatoshika sindano maisha yake, mafundi wa Kihindi wamejaa Ruwi, atashonewa chochote atakachotaka.

Hapo kweli nilinyamaza, simu nimeishika. Kijana wa watu hana ubaya, kanitakia raha kwa namna anavyoijua yeye. Lakini ni kama mtu anakwambia nakupenda sana, kuanzia leo hutopika tena wala hutozungumza na jirani.

Jioni nikakupata wewe. Nikasema, "Mama, hukunifahamu." Ukanijibu kwa ile sauti yako ya upole, "Nimekufahamu, mwanangu. Nami niliona haya hivyo hivyo." Kila nilichosema kikawa haya. Nikikataa ni haya, nikipandisha sauti ni haya iliyozidi, nikilia ndio kabisa, bibi harusi lazima alie. Wiki nzima nnapiga, na kila nikipiga chumba kimejaa wanawake wanakunywa kahawa na simu imewekwa sauti kubwa ili kila mtu amsikie bibi harusi anavyoona haya. Nna hasira, mama, nnakwambia wazi. Siyo hasira na wewe peke yako. Nna hasira na nyumba nzima. Tangu nnajua kusema mnanambia mdomo wangu haukai, "huyu mtoto atawachosha malaika." Leo siku moja tu nimekosa neno, ndio siku mliyonisadiki.

Ndio nikakaa kuandika, kwa sababu karatasi haiwezi kuona haya.

Jibu langu ni hapana. Simtaki Mahmud, wala simtaki mwengine yeyote mwaka huu na mwaka ujao. Mtihani ni mwisho wa mwaka wa skuli, kabla ya kiangazi, na ukipita unabakisha mwaka mmoja. Nikiondoka, nafasi inakwenda kwa mtu mwengine na hairudi. Nikimaliza, nakuja Maskati, nafungua pahala pangu Ghubra au popote, nishone nguo za wanawake wetu zinazowafaa wanawake wetu, siyo zile za kuletwa zimekatwa kwa watu wembamba na sisi tunazifumua kiunoni. Hayo ulikuwa unayajua. Uliyajua uliponipeleka uwanja wa ndege na Ami Salim, ndugu yake baba, hakutaka kabisa.

Nnajua unavyosumbuka. Tangu baba afe, ukienda kwenye harusi mtu atakuuliza tu, "Na yule mkubwa bado yuko kwa wazungu?" Nnajua wanavyoliuliza. Unatamani unione nimekaa kwangu kabla Mwenyezi Mungu hajakuchukua, na ukiumwa goti unaona ndio umekwisha. Huna roho mbaya hata chembe. Umechoka kujibu watu peke yako, hilo ndilo nnaliona, na linaniuma kwa sababu mie ndiye nnayekujibisha.

Lakini kuna jambo jengine nataka nikukumbushe, na usikasirike. Wiki ile ya kuondoka kwangu tulikuwa jikoni, unanifungia zile ndimu katika magazeti. Ukanihadithia ulivyoposwa Unguja. Wakaja wanawake watatu, wakakukalisha juu ya mkeka, umejifunika kanga mpaka machoni, wakakuuliza, ukanyamaza. Ukanambia ulikuwa unalia ndani ya ile kanga, kwa sababu siku ile ile umepata habari kwamba umechaguliwa chuo cha ualimu. Wakasema kanyamaza, karidhia. Ulinihadithia huku unacheka, na mie nikacheka, tukamaliza ndimu. Baba alikuwa mtu mwema, hakukuinulia mkono wala sauti, na mimi na Nasser tusingekuwapo. Sisemi ulikosea. Ila nimekaa huku miezi yote hii na lile jambo halinitoki, kwamba siku ile mie sikukuuliza kitu. Sikukuuliza ungejibu nini lau mtu angekufunua ile kanga akangojea.

Sasa mambo ya kufanya. Vile vyano vya zawadi walivyoleta siku ya posa virudishwe na vitu vyake, na juu yake utie chochote kizuri, ule udi uliouficha kabatini kwa mfano. Na pete ya posa waliyoiacha pia. Ami Salim ndiye walii wangu wa kuniozesha na ndiye aliyetoa neno, kwa hivyo atang'aka. Mwache ang'ake. Mwambie nimekiri mwenyewe kwa maandishi, nitamwandikia na yeye karatasi yake akitaka, neno limevunjwa na mie na siyo wewe. Usikubali hata mtu mmoja akwambie mtoto wako umemlea vibaya. Kama mama yake Mahmud ataona uchungu, nipe nambari yake nizungumze naye mwenyewe, kwa adabu. Nitamwambia mwanawe ni kijana wa kutakwa na wengi, na nitakuwa sisemi uongo.

Ikiwa unaogopa maneno ya watu, nami nnayaogopa, nikusadikishe. Usiku wa juzi niliamka nikajiambia basi, kubali tu, mama apumzike. Kulipokucha nikenda skuli nikalivua lile gauni kwenye sanamu, nikaona kwapani pale pale nilipokuwa nimebana siku ile, mshono umekaa kama ulivyotakiwa kukaa. Siwezi, mama. Nikikubali kwa ajili ya kukupumzisha, nitakuja kukulaumu miaka yangu yote, kila nikipita duka la fundi nitakulaumu, na sitaki kukulaumu. Nakupenda mno kuliko hilo.

Nisalimie Nasser na mwambie akisoma hesabu zake vizuri nitamletea koti la Kitaliana, nimelishona mwenyewe, na mkono wake haupandi. Ami Salim mpe salamu za heshima na uniombee radhi kwake. Khalati Zuwena mwambie nimemsamehe vigelegele, lakini simu yako asiishike tena. Bi Moza wa Qantab akileta samaki umwambie Rahma anamuota yule jodari wake. Na wewe pima sukari.

Thuraya atakukabidhi barua hii Jumatano, basi jipe siku moja uisome na siku ya pili uikasirikie. Ya tatu itakuwa Ijumaa, mie sina darasa. Nipigie. Nitakaa chumbani, sitoshika kitu chochote. Wakiwepo watu, wawepo, wote wasikie. Niulize tena swali lile lile kama vile hukuniuliza, nami nitakujibu hapana kwa mdomo wangu. Ukishanisikia, wafukuze wote chumbani, funga mlango, unambie na wewe ungejibu nini.

Mwanao, mwenye maneno mengi,

Rahma