Wasafiri Wasiobeba Samaki

Sisilia, Italia
12 Februari 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na majirani wote wa hapo Pito. Mimi sijambo. Kikohozi cha Desemba kimekwisha, na baridi ya huku hainisumbui. Wananiuliza ni Mwafrika gani huyu asiyetetemeka, nawaambia waje Ufipa mwezi wa sita.

Sasa kaa kwenye kiti. Baba, najua kuendesha baiskeli! Nakumbuka ulivyosema nilipokuwa na miaka kumi na miwili, kwamba baiskeli ni ya mzigo na msichana hapandi. Lakini shamba hili ninalojifunzia kutengeneza jemu ni kubwa, michungwa inaanzia mtoni na kuishia mlimani, na Bi. Agata mwenye shamba alichoka kunisubiri nikitembea. Nimeanguka mara kumi na moja. Mara ya mwisho niliangukia mchungwa, tawi likakatika. Machungwa yake ni mekundu ndani, nikayala palepale chini.

Na si hilo tu. Bi. Agata amefungua vyumba vya wageni, Wajerumani na Waholanzi, wanaozunguka vilima hivi kwa baiskeli siku nne, kijiji hadi kijiji, katikati ya michungwa na mizeituni. Kijana aliyekuwa akiwaongoza amevunjika mguu, amerudi kwao bara kuuguzwa. Jana Bi. Agata akaniambia: wewe unajua Kiingereza na unajua kila mti, wageni wa baada ya Pasaka utawaongoza wewe. Wakirudi wameridhika, kazi ni yangu kwa miaka miwili. Wasiporidhika, mafunzo yangu yanaisha mwezi wa tano, napanda ndege narudi nyumbani. Baba, naitaka kazi hii mpaka chakula hakipiti!

Shida ni kwamba njia nimepitishwa kwa gari tu. Baiskeli nimeendesha huku bondeni, kwenye tambarare, na Bi. Agata mwenyewe hajapanda baiskeli maishani mwake. Lakini wewe umepandisha samaki kwa baiskeli kutoka Kaoze kule ziwani miaka thelathini. Nifundishe. Watu wanane wenye nguvu tofauti unawapandishaje mlima? Kilima cha siku ya kwanza ni kirefu mara mbili ya kutoka kwetu hadi sokoni Kizwite, na kinapanda tu. Kitatuchukua saa ngapi? Nijibu upesi.

Binti yako,
Rosina


Pito, Sumbawanga
9 Machi 1995

Mwanangu Rosina,

Marahaba. Barua yako nimekabidhiwa parokiani Jumapili baada ya misa. Sisi ni wazima. Mvua imezidi, maharage ya bondeni yameanza kuoza, na mama yako mgongo unamsumbua lakini shambani anakwenda. Anakusalimu sana.

Nilikaa kwenye kiti kama ulivyoagiza, na nilipofika kwenye neno baiskeli nikasimama. Nikampelekea jirani Bundala, tumebishana mpaka jua likazama. Hao Wazungu wanabeba nini? Umeandika wanapanda vilima siku nne, mzigo hukuutaja. Bundala anasema lazima ni machungwa. Mimi sijui, ila hakuna mtu mwenye akili anayepanda mlima na baiskeli tupu. Nijibu hilo.

La msichana kupanda nalinyamazia, maana umeshapanda. Watu hapa walianza maneno, nikawaambia mwanangu anaongoza Wajerumani, wakaufyata.

Sasa sikiliza. Mnyonge anatangulia. Sisi tukitoka Kaoze watu sita, yule mwenye homa siku hiyo, au ambaye keria yake imelegea, ndiye anayekaa mbele, na hakuna kumpita hata kama unamkanyaga visigino. Bundala alipokuja na ng'ombe wake kutoka Usukumani alitucheka. Akatangulia na misuli yake yote. Tulimkuta katikati ya mlima amelala na gunia la samaki juu yake, anaomba maji. Tangu siku hiyo ndiye msimamizi mkali wa kanuni hiyo kuliko sisi tuliozaliwa nayo.

Wakati wa kushuka, breki usiziamini. Funga tawi bichi nyuma, lenye majani mengi, liburute chini. Linapunguza mwendo vizuri.

Kilima ulichonieleza kitawachukua saa tano, ukijumlisha na kupumzika zinakuwa saa sita. Mkiondoka saa mbili asubuhi, mtafika juu saa nane mchana. Mwambie mpishi hivyo, asiongeze wala asipunguze. Katika saa za mlima mimi sijawahi kukosea.

Siku hizi malori ya watu binafsi yanateremka hadi Kaoze kwenyewe, samaki wanapanda mlima wamekaa kama maofisa. Wa baiskeli tumebaki wachache, na sisi wenyewe twaenda mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo sikufichi, nimefurahi kuona bado kuna mtu wa kuniuliza habari za mlima.

Baba yako,
Leonsi


Sisilia
Ijumaa Kuu, 14 Aprili 1995

Baba,

Shikamoo, na poleni na mfungo. Mimi ni mzima kabisa. Barua yako imefika leo, nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama getini, Bi. Agata akadhani kuna msiba.

Hawabebi kitu, baba. Chupa ya maji na kamera. Wanapanda ili waone. Ukiona mwenyewe utawaelewa, maana michungwa imetoa maua, harufu inaingia mpaka kwenye shuka, na kule mbali mlima mkubwa umevaa theluji huku unafuka moshi.

Tunaanza Jumatano. Mama mmoja wa kijiji cha juu ndiye atakayetupikia, nimemwambia saa nane kamili, kama ulivyosema. Mwambie mama aniombee. Naandika nimesimama, ndiyo maana mwandiko ni huu.

Binti yako,
Rosina


Pito
6 Mei 1995

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hatujambo. Mvua imekatika.

Barua yako ya Ijumaa Kuu nimeipata jana. Bundala hataki kuamini kwamba hawabebi kitu, ananiambia nisome tena. Nikasoma tena. Kisha akauliza jambo lililonikata maini: "Leonsi, zile saa sita ulizompa mtoto, ulihesabu na gunia?"

Nilihesabu na gunia, Rosina. Kilo tisini, na kusukuma. Sijui kuhesabu namna nyingine.

Nilitaka kwenda posta nipige simu ya maandishi, kisha nikakumbuka kwamba mlishamaliza tangu wiki mbili zilizopita. Mimi ndiye niliyesema sijawahi kukosea. Kama wamekunyima kazi kwa sababu yangu, niambie waziwazi, usinihurumie. Mama yako ananiuliza tangu jana, na mimi namwambia asubiri barua yako.

Baba yako,
Leonsi


Sisilia
9 Mei 1995

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo, na nisamehe kwa kukaa kimya. Sikutaka kuandika kabla sijajua, na nimejua jana.

Baba, tulifika juu saa nne na nusu! Hizi baiskeli zina gia ishirini na moja, na hawa watu hawashuki kusukuma, wanapedali mpaka kileleni. Mimi ndiye niliyeshuka na kusukuma, kwa mazoea ya kukuona wewe, wakanishangaa, nikapanda tena. Mpishi tulimkuta bado anamenya vitunguu. Alitukaripia sote. Mjerumani mmoja mrefu alitazama saa yake, akaniuliza kama nimewahi kufika huku. Nilitaka kulia.

Nikaenda kwa mzee wa shamba la jirani, nikamwomba atupe kivuli. Alituruhusu. Tulikaa chini ya michungwa saa tatu na nusu, maua yanatuangukia kichwani, tunakula machungwa ya mwisho ya msimu. Watano walilala usingizi wa raha. Watatu, pamoja na yule mrefu, walininunia.

Kesho yake hao watatu walikataa kunisubiri. Wakakimbia mbele, wakapotea, tukawatafuta mpaka jioni. Siku ya tatu asubuhi nilisema basi, lolote na liwe. Nikamweka mbele mama mmoja wa Kiholanzi, ana miaka sitini na minne na goti bovu, nikasema huyu hapitwi. Mrefu akafungua mdomo. Nikamsimulia Bundala na gunia lake. Walicheka mpaka wakashika tumbo, na wakati wa kupanda kila aliyejaribu kuchomoka walimwita Bundala. Yule mama alipofika kileleni alikaa chini akalia, akasema hajawahi kuwa wa kwanza mahali popote. Wakati wa kushuka nilimfungia tawi la mzeituni nyuma. Mwenye mti alitutukana vibaya sana, lakini mama alishuka salama.

Tuliporudi, Bi. Agata alisikia habari za waliopotea, akanuna, akasema atasubiri wageni waandike kutoka makwao. Nilisubiri wiki mbili, nimekonda. Jana zimekuja barua saba. Wanataka kurudi mwezi wa tisa na ndugu zao, na wanataka niwaongoze mimi. Hata yule mrefu! Bi. Agata ameweka funguo za banda la baiskeli mkononi mwangu. Kazi ni yangu, baba! Nimezunguka shamba zima nikipiga vigelegele peke yangu.

Sasa nikuambie jambo la moyoni. Nilikuwa na kinyongo na wewe tangu nina miaka kumi na miwili. Nilijifunza baiskeli ili nikuonyeshe. Halafu kule mlimani kila nililosema lilikuwa neno lako, na watu walinifuata. Nimefurahi na nimeumia pamoja. Kwa nini ulinikataza?

Binti yako anayekupenda,
Rosina


Pito
4 Juni 1995

Mwanangu Rosina,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Sisi ni wazima, baridi imeanza, na barua yako imesomwa hapa mpaka inachanika. Bundala anatembea Pito nzima akitangaza kwamba jina lake linatajwa Ulaya. Hawaambii linatajwa kwa sababu gani.

Umeuliza kwa nini. Nimetafuta sababu tangu Jumapili. Baba yangu aliwakataza dada zangu, nami nikakukataza wewe, na zaidi ya hapo sikupata kitu. Nilikosea, mwanangu. Naomba unisamehe.

Barua hiyo nilimsomea mama yako akiwa anapura maharage. Nilipofika kwenye swali lako aliweka fimbo chini, akasema, "Na mimi je?" Nikamwuliza, wewe vipi tena, Stefania? Akasema, "Miaka thelathini naenda sokoni Kizwite na mzigo kichwani. Wewe unanipita."

Ni kweli, Rosina. Nilikuwa nampita, nampigia kengele apishe njia.

Tulianza siku hiyohiyo, uwanja wa shule, Bundala ameshika keria upande mmoja, mimi upande wa pili. Watu walijaa kutazama. Ameanguka mara sita, wewe ulimzidi. Siku ya nne alituambia tuachie, tukaachia, akaenda. Nilipiga kelele kama mwendawazimu.

Leo amekwenda Kizwite peke yake, na debe la maharage kwenye keria. Aliondoka saa tatu, sasa ni saa nane, na mimi nimetoa kiti nikakiweka kando ya barabara, ndipo ninapoandikia. Nimesimama kutazama mara nne. Sasa naona mtu pale kwenye mikaratusi, kitenge kinapepea. Ni yeye. Anapiga kengele nipishe.

Baba yako,
Leonsi