Pengo ya Memory

Lodwar, 4/11/2012

Dada Godelieve,

Ejok? Watoto wako aje? Na mgongo, bado inakusumbua ukiinama kwa ile meza ya kutengeneza simu? Sisi tuko, joto tu ndiyo inatumaliza, hata kuku wanatembea na mdomo wazi.

Dada, niko na hasira. Nimepata CPU tupu, ofisi moja ilitupa, iko na feni na sanduku ya kugawa moto ya stima, ingine ndani hakuna kitu. Skrini ninayo. Nikasema nitaunda kompyuta yangu mwenyewe, nifungue kibanda ya kuchapa barua, maanake kaunti inakuja baada ya kura na kila mtu hapa atataka kuandika barua ya kuomba kazi. Binti yangu Christine anajua kuchapa. Basi kinyozi jirani yangu amecheka mpaka mashine ikamwanguka. "Abei wa darasa la tatu anaunda kompyuta!" Nimemwambia mambo ya bibi yake, yote, mbele ya wateja. Aliokota mashine akaendelea kunyoa.

Sasa wewe ndiye fundi, na tunajuana tangu nikikuletea kuni hapo kambini. Nilipokuja niliona kwako motherboard mbili, hiyo mama ya kompyuta, ya kijani na ya bluu. Nataka bluu. Iko na nafasi nne ya memory, na mama ya watoto wanne ni mama. Ama nakosea? Na memory niweke gani? Andika, usipige simu. Ya simu nasahau.

Dada yako,
Abei


Kakuma, 9/11/2012

Dada Abei,

Jambo sana. Watoto bako muzuri. Mgongo inauma lakini ni yangu. Huyo kinyozi umuache na mashine yake.

Bon, bluu ni muzuri. Ni ya sasa, inakula memory ya DDR3 peke yake. Ya kijani inakula DDR2. Sikia: memory iko kama kipande ya rula, chini iko na meno, na katikati ya meno iko pengo, kama ile ya meno yako ya chini. Kwa mama pia iko kidude inasimama pahali ya ile pengo. Pengo ya DDR2 na ya DDR3 haziko pahali pamoja. Donc ikikataa kuingia, usisukume.

Natuma mama leo na Losike wa gari. Memory yake haiko kwangu, inatoka Nairobi, wiki tatu. Ngoja. Usiweke kitu ingine.

Dada yako,
Godelieve


Lodwar, 26/11/2012

Godelieve,

Ejok. Nakusalimia juu nimefundishwa adabu, si juu nataka. Habari ya afya sikuulizi.

Mama yako imekufa! Nilikuwa nimeita watu, chai imechemka, Christine amevaa nguo ya Krismasi. Nikabonyeza. Ikatoa moshi. Moshi, Godelieve! Nani alikimbia kuchomoa waya? Kinyozi. Sasa ananiita Mama Moshi, na watoto wa shule wameshika hiyo.

Umeniuzia maiti. Na usiniambie ni memory. Memory nilipata hapa hapa kwa mtu wa ofisi, kubwa kushinda hiyo ya kungoja. Ilikataa kuingia kidogo tu, pengo yake iko kando. Sasa mimi, mtu ameng'olewa meno mawili nikiwa msichana, nitashindwa na pengo? Nilichukua tupa ya kunolea panga nikaongeza pengo. Ikaingia tap! kama imezaliwa humo. Kwa hivyo memory iko sawa. Ni mama yako.

Na sijanyamaza, unanijua. Nimeambia soko ya samaki. Nimeambia akina mama wa vikapu. Nimeambia yule pasta alikuwa anataka kompyuta tatu kwako: kule kambini wanauza vitu imekufa.

Aliyekuwa dada yako,
Abei


Kakuma, 30/11/2012

Mama Christine,

Habari ya nyumba.

Tupa. Umechukua tupa. Nimesoma hiyo mustari mara tatu, halafu nikaita Kong jirani anisomee, pengine Kiswahili ya Kenya siijui. Kong amesoma. Ni tupa.

Pengo haiko urembo! Iko pale kukataza memory ingine isiingie, juu moto ya DDR2 na moto ya DDR3 haziko sawa. Umefukuza askari kwa mulango, mwizi ameingia, sasa unaniuliza nani ameiba. Mama ilitoka kwangu muzima. Umeichoma wewe.

Lakini mama ingine itapatikana, jina ya duka yangu hapana. Pasta ametuma neno, hataki tena. Jana mutu wa Lodwar alinirudishia redio niliyotengeneza. Iko inaimba vizuri! Namuuliza shida ni nini, anasema, "Tumesikia tu." Abei, wewe ukiharibikiwa Lodwar utaenda Lokichar, utaenda Kitale. Mimi karatasi yangu ya ukimbizi inasema Kakuma. Watu wakikataa hii duka, hakuna pahali ingine nitafungua.

Memory yako imefika, Losike anayo. Nilikuwa nimeahidi. Usiniandikie tena.

Mwenye duka,
Godelieve


Lodwar, 12/12/2012

Dada Godelieve,

Ejok? Uko? Mgongo? Watoto?

Nimepeleka mama na ile memory ya tupa kwa mwalimu mmoja wa kompyuta. Ameangalia, akaita walimu wengine waje waangalie. Wamecheka kushinda kinyozi. Nikamtukana, nikarudi kumwomba msamaha, akacheka tena, nikamtukana tena. Anasema vile ulisema, neno kwa neno.

Basi nimekosa. Nimeiandika hapo, uione. Nimekosa.

Lakini na wewe ungeandika "moshi". Uliandika "usisukume". Mimi sikusukuma, nilisugua.

Yamekwisha, ndiyo? Christine anakusalimia sana.

Dada yako,
Abei


Lodwar, 3/1/2013

Dada,

Heri ya mwaka mpya, kama unaipokea.

Losike anasema ulichukua barua ukaweka chini ya sufuria ya gundi. Hukufungua. Na hii pia hutafungua, lakini naandika juu niko na hasira na hakuna mtu mwingine wa kukasirikia.

Nimezunguka soko yote. Hawataki kunisikia! Ile siku nilisema mbaya walinivutia kiti. Sasa nasema ukweli, wanaendelea kupima samaki. "Abei, mwezi ule ulisema vile, leo hivi, tushike gani?" Pasta naye ameniambia, "Sawa, mama," ile sawa ya kukuonyesha mlango.

Nakuja.

Abei wako


Kakuma, 19/1/2013, nje ya duka yako

Dada,

Habari ya hapo ndani? Mgongo naiona kwa ufa ya mabati, umeinama. Napitisha hii chini ya mlango juu ulinichungulia ukafunga. Sawa. Nimekalia jerikeni.

Kila mteja akija namwambia: mimi ndiye yule mama wa Lodwar, nilisema uongo juu ya huyu fundi, kompyuta niliichoma mwenyewe. Wa kwanza alikuwa Msomali na simu mbili. Wa pili ni Tut, yule mrefu, amekuja na redio yake. Tut anauliza niliichoma aje, nimemweleza kutoka mwanzo, ameita wengine. Sasa wako watano hapa na vitu vyao mkononi, wanangoja. Fungulia hao basi, kama si mimi.

Na mimi pia nimekasirika, ujue. Jua iko juu ya kichwa na hujanipa hata maji, mgeni wako. Losike anarudi Lodwar saa tisa. Nimemwambia aende bila mimi.

Dada yako, utake usitake,
Abei


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo

Abei,

Unawaambia kwa sauti ndogo. Wenye maduka ya upande ule hawasikii. Paza.

Godelieve