Saa Kumi na Sita Angani

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya mashine. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa — damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Kitindamimba wangu kapiga simu nikiwa bado na mipira ya mashine mkononi. Atajifungua wiki ijayo. Mimba mbili ziliharibika, hii ya tatu imefika. Mumewe baharia, yuko majini mpaka mwezi wa tano.

Akasema, mama njoo, huku sina mtu. Nikasema nitaona. Nitaona nini?

Jumatano, 5 Machi

Nimepita kwa binti wa tiketi. Kilomita elfu kumi na mbili. Ndege ya kwanza mwendo wa saa saba, kungoja saa nne, ya pili mwendo wa saa tisa. Inayounganisha vizuri huruka Jumapili asubuhi tu. Nimesuka vichwa maisha yangu yote, sijawahi kukaa juu ya kitu kwa muda huo.

Ila hesabu inakubali. Mashine Ijumaa hapa, Jumatatu mchana mashine ya kule. Kitindamimba keshaniombea nafasi hospitalini. Daktari kakuna kidevu. Kasema nenda, lakini hiyo ya Jumatatu usiikose, na maji kunywa kwa kuonja, maana figo zangu haziyatoi.

Mkubwa wangu kanuna. "Mama, ukikwama njiani nani atakusafisha damu? Rubani?"

Nikamwambia, mwanangu, mimi hapa nimeshakwama.

Baadaye nikamsikia akiongea na mkewe chumbani, sauti chini. Ndiye anayenipeleka hospitali siku zote, hajawahi kulalamika. Namwelewa. Lakini kunielewa mimi ni zamu ya nani?

Ijumaa, 7 Machi

Mashine, saa nne nzima. Dereva mstaafu wa kitanda cha jirani kanicheka, eti naaga kama mkimbizi. Kisha akatazama dari. Akasema: "Nenda, dada. Mimi nimekuwa mbuzi wa kamba. Nala majani ya hapa hapa."

Nimefunga begi. Nguo nyingi za mtoto, zangu chache.

Jumapili, 9 Machi

Ndani ya ndege. Kiti cha dirishani. Mkubwa kanisindikiza mpaka mlango wa abiria, kanibebea begi. Kanikumbatia kwa nguvu mpaka nikaumia mkono wa mashine.

Bado hatujaruka. Tumeshafunga mikanda, milango imefungwa, tumekaa tu. Joto. Rubani kasema kuna taa haizimiki, mafundi wanaangalia.

Mafundi bado. Koo kavu. Jirani yangu kamaliza chupa nzima ya maji, nimegeukia dirishani.

Rubani tena: tutaruka, ila wanaounganisha huenda wakachelewa ndege ya pili. Nimemuuliza mhudumu, inayofuata lini? Kaenda kuuliza, karudi. Jumatano.

Jumatano. Vidole vya miguu vimeanza kuvimba, au ni viatu.

Nimemwandikia Mkubwa. Kajibu hapo hapo: Shuka mama. Bado niko nje hapa, nakungoja.

Na ujumbe wa kitindamimba umeingia, wa tangu alfajiri: uchungu umeanza, mapema, niko njiani kwenda hospitali. Mama umeshapaa?

Mlango wa mbele umefunguliwa. Mhudumu anapita kiti kwa kiti, anauliza kwa upole kama kuna anayetaka kushuka, maana ukifungwa tena ndiyo basi. Watu wawili wamesimama, wanatoa mizigo juu.

Mhudumu yuko safu ya mbele yangu sasa. Mkono wangu uko kwenye mkanda. Sijui unafungua au unakaza.