Pampu ya Lori Letu Dogo

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Nakivale tu wazima, na bibi yako kikohozi kimemwacha. Lori letu dogo bado limesimama Rwekubo bila pampu ya maji, na mahindi yanasubiri kwenda Mbarara. Unauliza kwa nini usiiagize Japani kwa picha tu.

Nilipokuwa kijana Uvira, nilichora pampu ya lori, nikaagiza Bujumbura. Ilipofika, matundu yake hayakukutana na ya injini. Fundi akacheka: "Kijana, huyu ni dada yake! Sisi tulichumbia mwingine."

Basi jana nililala chini ya lori, nikakwangua kutu mpaka namba ya chasisi ikasomeka. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii; mpe muuzaji, ndiyo inayoonyesha pampu ya lori letu hasa. Akikuambia pampu nyingine inafanana, kataa. Mahindi yamekauka vizuri, yataingoja meli ya kuileta.

Babu yako