Pale Tuliposimama

Kaka Bahati,

Nimefika Muyinga. Nimechelewa miezi saba, najua, na ungekuwa hai ungesema nimechelewa tangu nizaliwe. Habari za kifo chako nilizipata sokoni Gitega, nimeshika kitenge cha mteja mkononi, kutoka kwa mfanyabiashara wa maharage aliyedhani nimeshaambiwa. Homa ya siku tatu, alisema, na wamekwisha kukuzika. Nilikikunja kile kitenge, nikakikunjua, nikakikunja tena. Sikulia siku ile. Nililia wiki mbili baadaye, nilipofagia nyumba nikakuta soksi yako moja nyuma ya kitanda. Soksi, Bahati! Tena ile yenye tundu.

Barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Wiki hii magari yameanza kupita tena kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, nikapata nafasi juu ya magunia. Kaseti yako niliifunga kwenye kitambaa kiunoni. Ile kaseti safi. Nitakueleza, usinikatize.

Unakumbuka vile ilivyoanza? Padri mmoja mzungu alikuachia kaseti ya mtu anayepiga piano peke yake mbele ya watu, bila karatasi, bila kujua atapiga nini mpaka akae kwenye kiti. Jazi, ulisema. Mimi nikauliza wenzake wako wapi, wapiga gitaa, wapiga ngoma, au walimkimbia? Ulininunia siku mbili. Kumbe kilichokupendeza kuliko vyote ni wale watu waliokuwa wakikohoa. "Sikiliza, dada. Wako mule ndani, hawakuwatoa." Na baadaye ukasema, "Na mi ntafanya yangu."

Ukaifanya. Jumamosi mchana, ili kila mtu awe amefika kwake kabla ya saa za kutotembea. Ukumbi wa parokia ulijaa, kwaya yote mbele, pamoja na wale mama waliokimbia kutoka Bukirasazi. Niliweka redio-kaseti kwenye kiti, juu ya kitenge kilichokunjwa, nikabonyeza vile vibonye viwili kama ulivyonielekeza. Ile piano ya mapadri ilikuwa na kibonye kimoja kilichokufa, nawe ukawa unakiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Baada ya dakika ishirini hivi papa mmoja, mzee aliyekaa nyuma, akauliza kwa sauti, "Alors, basi, huyu anaanza saa ngapi?" Alidhani unaijaribu tu. Watu wakacheka, wewe pia ukacheka, na mkono wako wa kushoto haukusita hata kidogo.

Halafu ukazigusa zile sauti tatu za chini.

Sasa hapo, kaka, mwenye kosa ni wewe. Miaka yote ile, kila Jumapili, kabla ya wimbo wa kuingilia, ulikuwa ukizunguka-zunguka kwenye kinanda cha kanisa, na ukizifikia sauti hizo tatu, kwaya inasimama. Ukiinua kidevu, tunaimba. Ndivyo ulivyotufundisha, kwa makelele mengi. Siku ile sikuwaza chochote. Magoti yalisimama yenyewe. Wenzangu waliponiona nao wakasimama, wanawake thelathini kwa pamoja, na yale mabenchi ya parokia yakalia kraaa, ukumbi mzima ukasikia. Tukangoja kidevu chako.

Hukukiinua. Ulitutazama mara moja tu, ukaendelea kupiga. Na sisi tungefanyaje? Kukaa kungeyaliza mabenchi mara ya pili. Tulisimama mpaka mwisho, karibu nusu saa, Mama Gaudensia na mimba yake ya miezi minane. Ulipomaliza ulifunga kifuniko cha piano, ukasema neno moja, "Mukae," ukatoka nje.

Jumatatu ukaondoka kuja huku kufundisha. Ulinipa nakala ya kaseti, ukaniaga haraka kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi. Kuhusu mabenchi hukusema neno. Wewe uliyenitania hata kwa chumvi ya mchuzi, siku hiyo hukunitania. Nikajua nimekuharibia kitu ulichokingoja maisha yako yote. Barabara ikafungwa. Na mimi nikabaki na kimya chako kile, kaka, nikalala nacho na kuamka nacho.

Basi nikafanya ujinga. Nilimpelekea kaseti yule kijana wa sokoni anayenakili nyimbo, nikamwambia anitolee zile kelele za mbao. Akakata vizuri kweli, huwezi kujua kwamba tulikuwepo. Ile yenye kelele nikairekodia nyimbo za Krismasi. Nilitaka kukuletea kaseti safi na kukuomba radhi. Nilikuwa nimeshaandika hata maneno ya kusema.

Badala yake jana nimeyasema kwenye udongo wa kaburi lako.

Leo mchana nimekaa kwa Bibi Zaituni, yule mjane mdarizi wa kofia aliyekupangisha chumba. Alinipa chai, akanipa shati zako mbili alizozifua na kuzipiga pasi, akanitazama sana usoni. "Wewe ndo yule dada," akasema. Nikamwambia nimeleta muziki wako. Akafurahi, akaenda kuchukua betri zake, alikuwa amezianika juani ukutani ili zipate nguvu kidogo. Tukasikiliza. Yeye anadarizi, mimi nimekunywa chai mpaka majani. Papa wa nyuma alipouliza unaanza saa ngapi, Bibi akamjibu, "Tulia we mzee," kama mtu aliyezoea kumjibu kila siku.

Zikaja zile sauti tatu. Bibi akachomeka sindano kwenye kofia, akaiweka chini, akashika ukuta, akaanza kuinuka. Kaseti yangu ikaruka, kama nilivyoagiza. Akabaki pale, hajasimama na hajakaa.

"Eh! Umepitisha," akasema. "Ile ya kusimama iko wapi?"

Nikaizima kaseti. Akaenda chumbani kwako, akarudi na kaseti yako mwenyewe, na huku akinieleza. Kwamba kila ulipotoka shule uliiweka. Kwamba mabenchi yakilia ulikuwa unasimama, na yeye akakuuliza kwa nini, nawe ukamwambia, "Hapa dada yangu anasimama, Bibi. Mi sikumuomba, alisimama tu. Hapa ndo iko pazuri." Kwamba akaona si adabu mpangaji asimame na mwenye nyumba akae. Magoti yake yanamuuma, kaka, umeyatesa bure.

Bahati, kwa nini hukuniambia? Ungepiga kelele tu dirishani gari likiondoka. Nimekukasirikia sana leo, na nimekupenda, na sijui kipi kilitangulia.

Tukaiweka ya kwako. Mabenchi yalipolia niliwasikia wote, na nikajisikia mimi, sekunde moja kabla ya wengine. Tukasimama, Bibi Zaituni ameushika mkono wangu, betri zinaelekea kufa na piano inazidi kwenda polepole. Tukasimama mpaka sauti yako, nzito kwa ajili ya betri, iliposema, "Mukae."

Bibi akakaa. Mimi sikuweza.

Bibi amenipa kaseti, lakini kwa sharti nimnakilie na kumrudishia. Nitafanya hivyo. Ile safi nitairekodia yako juu yake, yote, na mabenchi, na papa wa nyuma, na mtoto wa Mama Gaudensia akikua atajua kwamba yumo. Na yeyote atakayekuja kwangu Gitega kuisikiliza, awe mkubwa wa namna gani, atasimama pale tuliposimama. Nakuahidi.

Kaa sasa, kaka. Sisi tumesimama.

Dada yako,
Furaha